Maleba hushonwa ili yaje yafumuliwe

Nguo ya kawaida hushonewa mtu mmoja, na ikishamkaa vizuri kazi imekwisha. Maleba, yaani mavazi ya jukwaani, ni jambo jingine. Vazi hukatwa kwa vipimo vya mwigizaji mmoja, wiki mbili kabla ya mchezo anajitoa na nafasi yake inachukuliwa na mtu mnene zaidi. Msimu unaofuata vazi hilohilo linatakiwa tena, safari hii joho la hakimu ligeuzwe koti la msafiri. Kikundi cha kujitolea kisicho na fedha za kununua vitambaa kila mara hakiwezi kumudu nguo isiyofumulika. Ndiyo maana, katika yote ninayoyashauri hapa, ninalolisisitiza zaidi ni hili: shona ukijua kwamba ipo siku mtu atakaa na vazi lako magotini, kifumulio mkononi, na umrahisishie kazi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Philip Henslowe, mwenye ukumbi wa Rose mjini London, alipoorodhesha mali ya kundi la waigizaji Machi 1598, nguo ziliandikwa moja moja, miongoni mwake joho la mahameli la Henry wa Tano. Mchezo hupita, joho hubaki.

Kabla ya kugusa mkasi, chora jedwali. Majina ya waigizaji yashuke upande wa kushoto, na maonyesho ya tamthilia yapangwe juu kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Katika kila kisanduku andika mtu anavaa nini, kuanzia kofia hadi viatu, na anatokea upande gani wa jukwaa. Jedwali ndilo litakalokufichulia kwamba anayetoka onyesho la tatu akiwa mfalme anarudi la nne akiwa mlinzi wa lango, na kati ya hapo kuna nusu ukurasa tu wa mazungumzo. Jambo hilo lijulikane mapema, kwa sababu joho la mfalme litafungwaje huamuliwa kabla ya kukata, si baada.

Vipimo vichukuliwe na mtu mmoja kwa waigizaji wote, kwa futi ileile, kila mtu akiwa amevaa viatu atakavyopandia jukwaani. Kifua, kiuno, nyonga, upana wa mgongo kutoka kwapa hadi kwapa, urefu kutoka mfupa wa shingo hadi kiunoni, bega hadi kifundo cha mkono kiwiko kikiwa kimekunjwa, kiuno hadi sakafuni, mzingo wa kichwa. Viwili husahaulika sana. Cha kwanza ni kifua mtu akiwa amevuta pumzi mpaka mwisho; kwa anayeimba, tofauti inaweza kufika sentimita 5 au zaidi, na bodisi (sehemu ya juu ya gauni inayobana kiwiliwili) iliyokatwa kwa kipimo cha pumzi ya kawaida itamkata sauti katikati ya wimbo. Cha pili ni mzunguko wa kiwiliwili: kutoka begani, upite kati ya miguu, urudi begani palepale. Huo ndio unaoamua kama mwenye ovaroli ataweza kuinama. Usikubali mtu akutajie saizi yake kwa simu. Saizi ya dukani inatofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda.

Akiba ya mshono

Akiba ni kitambaa kinachoachwa nje ya mstari wa kushona. Violezo vinavyouzwa, yaani karatasi za kukatia nguo, huacha sentimita 1.5 kila ukingo. Kwa maleba hiyo ni ndogo. Acha 2.5 ubavuni, 5 katikati ya mgongo, 5 kwenye pindo la mikono, na 8 hadi 10 kwenye pindo la sketi au suruali. Shingoni na kwenye duara la kwapa baki na 1 hadi 1.5 tu, maana pale kitambaa kinapinda na akiba pana hujikunja ikavuta vazi.

Hebu tupige hesabu. Ubavu mbili zina kingo nne. Ukifumua na kubakiza sentimita 1 kila ukingo, unapata 1.5 mara nne, yaani 6. Mgongo una kingo mbili zenye 4 za kutoa kila mmoja, yaani 8. Jumla ni sentimita 14, karibu saizi tatu. Gharama ya faida hiyo yote ni ukanda mwembamba wa kitambaa ambao vinginevyo ungeishia kwenye kapu la mabaki.

Lakini akiba haifai kitu ikiwa bitana, kitambaa cha ndani ya vazi, imeifunika. Fundi wa suti hushona bitana peke yake kama mfuko, kisha huificha mishono yote ndani. Kwa koti la harusi ni sawa. Kwa jukwaa, kata bitana kwa umbo lilelile la kitambaa cha juu, laza kila kipande cha bitana chini ya mwenzake, vipigie bandi (mishono mirefu ya kushikiza kwa muda) pamoja ukingoni kwa nusu sentimita, piga ovaloki kuzunguka, halafu vishone kama kitambaa kimoja. Mishono inabaki wazi kwa ndani, mtu yeyote anaifikia. Kosa linalotokea hapa ni bitana kutuna ndani ya vazi kama ngozi iliyolegea. Sababu yake ni kwamba tabaka la ndani linazunguka duara dogo kuliko la nje, lakini yamekatwa sawa. Dawa yake: wakati wa kupiga bandi, kunja vipande viwili juu ya paja lako, bitana ikiwa upande wa paja, uone bitana inavyochomoza milimita 2 au 3 ukingoni. Ishike hapohapo kwa pini, upige bandi, kisha ukate kilichozidi.

Mpangilio wa kushona nao ugeuke. Shona mabega, ubavu, mikono. Bendi ya kiuno ikate vipande viwili, ushone cha kushoto kwenye nusu ya kushoto na cha kulia kwenye ya kulia. Mshono wa katikati ya mgongo uwe wa mwisho kabisa, kuanzia juu hadi chini ukipita ndani ya bendi yenyewe. Hapo kumpanua au kumpunguza mtu kunataka kufumua mshono mmoja tu, kazi ya robo saa. Bendi ikiwa kipande kimoja kizima, utaing'oa yote.

Urefu wa hatua ya cherehani uwe milimita 3. Mishono ya milimita 2 hung'ang'ania, na ukiifumua inaacha kitambaa kimetobokatoboka. Isipokuwa sehemu mbili, kwapani na kwenye makutano ya suruali: hapo shona mara mbili, mstari wa pili ukiwa milimita 2 kando ya wa kwanza upande wa akiba. Na usiipunguze akiba kwa mkasi eti inakera jicho. Ipige pasi, ilale.

Kwapa, na kwa nini koti hupanda

Mwigizaji anainua mkono kuelekeza mbinguni, koti lote linapanda hadi mbavuni, shati linachomoka. Mshonaji anadhani kwapa linabana, analikata lishuke sentimita 3. Mazoezi yanayofuata koti linapanda zaidi. Anakata tena.

Tatizo liko kinyume cha anavyodhani. Mkono unazungukia begani. Mahali mkono wa koti unapokutana na kiwiliwili pakiwa juu, karibu na bega, mkono unapopanda huvuta kidogo. Pakiwa chini kabisa ubavuni, mkono unapopanda hubeba ubavu mzima wa vazi. Kwa hiyo kwapa la vazi likae juu, kama sentimita 2 tu chini ya kwapa la mtu, na nafasi ya kuinua mkono itoke kwenye kipande cha kuongeza: kikwapa, kilekile ambacho washonaji wa kanzu wamekijua siku zote.

Kwa koti la mtu mzima, kata mraba wa sentimita 12 kwa 12, kingo zake zifuate nyuzi za kitambaa. Ukiugeuza ukae kama kitiara, mivutano yote itapita kona hadi kona, yaani mshazari, na mshazari ndiko kitambaa kilichofumwa hunyumbuka. Fumua mshono wa ubavu sentimita 10 kutoka kwapani kwenda chini, na mshono wa mkono sentimita 10 kutoka kwapani kwenda kiwikoni. Mshono wa duara la kwapa usiuguse. Sasa una tundu refu la sentimita 20. Kona moja ya mraba inakaa ncha ya chini ya tundu, ya pili ncha ya mkononi, na mbili zilizobaki zinakutana na mshono wa duara la kwapa, moja mbele na moja nyuma. Shona kila upande peke yake kwenye alama ya pasi iliyoachwa na mshono wa zamani, kwa akiba ya sentimita 1 upande wa mraba, ukianza na kuishia sentimita 1 kabla ya kona, na urudishe cherehani hatua tatu nyuma kila mwisho.

Kazi hii huharibikia konani. Ukipitisha mshono hata milimita 3 zaidi ya alama, kunatokea kikunjo kisichotoka kwa pasi. Ukiishia mapema, kunabaki tundu, na tundu hilo ndilo litakalochanika usiku wa kwanza. Kabla ya kushona, bandika nyuma ya ncha mbili za tundu kiraka cha bitana nyembamba cha sentimita 3 kwa 3. Hukamata nyuzi zisikimbie. Kwa mcheza dansi, kikwapa kiwe cha kitambaa cha kunyumbuka, na hapo badilisha sindano: sindano ya kawaida kwenye kitambaa cha kunyumbuka huruka hatua, kwa sababu inatoboa uzi badala ya kuusogeza. Weka ya ncha butu, namba 75 au 90.

Suruali ya mtu anayepiga magoti au kurusha teke inataka kipande cha namna hiyohiyo kwenye makutano ya miguu. Usisubiri ichanike.

Mbali na karibu

Kwanza jua mtazamaji wa mwisho anakaa wapi. Kwenye ukumbi ambao safu ya nyuma iko mita 15, maua madogo ya kitambaa huyeyuka yakawa rangi moja ya vumbi, na utepe wa milimita 5 haupo kabisa. Tumia utepe wa sentimita 2 au 3, vifungo vikubwa, na tofauti kali ya weusi na weupe. Ukumbi mdogo ambako safu ya mbele iko mita 2 unataka kinyume chake: gundi iliyovuja itaonekana.

Nyeupe safi huwaka chini ya taa hadi uso wa mwigizaji unafifia kando yake. Shati la pamba lipunguzwe weupe kwa chai: maji ya moto lita 5, majani gramu 50 yaliyofungwa kwenye kitambaa, yakae dakika 10 kisha yatolewe. Tumbukiza shati likiwa limeshalowa maji ya kawaida, ulikoroge bila kuacha kwa dakika 10 hadi 20, ulisuuze. Madoa hutokana na shati kuingia likiwa kavu au sufuria kuwa ndogo. Likikauka rangi itapungua, kwa hiyo litoe likiwa limekolea kidogo kuliko unavyotaka. Polista haitashika chai, na rangi nyingi za kawaida za pakiti pia haitazishika. Kama hujui kitambaa ni cha nini, choma uzi mmoja ukiushika kwa koleo juu ya sinki: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini, sufu hunuka nywele zilizoungua, polista huyeyuka ikawa shanga ngumu nyeusi.

Na kila kitambaa kipelekwe chini ya taa zenyewe kabla ya kununua cha kutosha. Chini ya taa nyekundu, gauni jekundu na gauni jeupe hufanana, na la kijani huwa kama jeusi.

Kuhusu sketi pana, watu wengi hukimbilia duara kamili. Nusu kipenyo cha kiuno ni kipimo cha kiuno gawanya kwa 6.28, kiuno cha 72 kinatoa 11.5. Kwa urefu wa mita 1, utahitaji takriban mita 4.5 za kitambaa chenye upana wa 150. Sketi ya marinda yenye mapana matatu ya kitambaa hichohicho inataka kama mita 3.4, inavimba zaidi kiunoni, na ukiifumua unabaki na mistatili mitatu mizima unayoweza kuishonea chochote. Mimi nachagua marinda, isipokuwa pale mwongozaji anapotaka sketi ifunguke mtu akizunguka. Ukikata duara, itundike saa 24 kabla ya kukunja pindo, kwa sababu sehemu za mshazari hushuka na pindo litakuwa na mawimbi. Sketi yoyote ya kufika chini iwe sentimita 4 juu ya sakafu kwa mbele. Kama kuna ngazi jukwaani, iwe 6. Mtu hukanyaga pindo lake anapopanda na anapoinuka kutoka magotini, si anapotembea.

Kubadili nguo kwa sekunde 30

Watu hudhani jibu ni velkro. Velkro hulia, na ikivutwa kando ya jukwaa wakati mtu anasali kimya mbele ya watazamaji, ukumbi mzima unasikia. Pia hukusanya nyuzi na kupoteza nguvu, na ikifuliwa bila kufungwa hukwaruza kila kitu kilichomo kwenye mashine. Naiacha kwa mikanda na kola za bandia, kwa vipande vifupi vya sentimita 3, si kwa ukanda mrefu.

Kwa mbele ya koti au shati, shona vifungo vya kuonekana juu ya upande wa nje na uzibe matundu yake, kisha chini yake weka vishikizo vikubwa vya kubonyeza kila sentimita 8. Kwa kiuno, panapovutwa sana, vishikizo hivyo vitafunguka. Tumia kulabu bapa za suruali. Kwa mgongo wa gauni, zipu ya meno makubwa, namba 5. Zipu ile ya kujificha hukwama inapopita kwenye mshono wa kiuno wenye matabaka mengi, na kukwama kwake hutokea mikono ikiwa inatetemeka. Viatu vya kamba vitiwe lastiki badala ya kamba, zifungwe mara moja tu.

Njia rahisi kuliko zote ni kuvaa vazi la pili chini ya la kwanza. Mlinzi yuko tayari ndani ya joho la mfalme. Joho likidondoka, mlinzi anatokea. Hapo ndipo joho linatakiwa kufunguka lote mbele na kukatwa pana sentimita 10 zaidi, na ndiyo maana jedwali lilitangulia.

Kama haiwezekani, panga nguo kwenye kiti kwa utaratibu wa kuvaliwa: ya kwanza kuvaliwa iwe juu. Suruali iwekwe sakafuni, miguu yake imekunjwa chini hadi kwenye viatu, ili mtu aingize miguu na kuvuta juu kwa tendo moja. Wavalishaji wawe wawili, mmoja juu na mmoja chini, na mwigizaji asimame wima bila kusaidia; mikono yake ikiingilia ndipo vitu vinapochanganyika. Fanyeni kwa saa mkononi, kwanza kwenye mwanga, kisha kwenye giza kama litakavyokuwa. Mara tano hazijazidi.

Uchakavu, silaha, jasho

Nguo mpya ya maskini ni aibu ya mshonaji. Uchakavu una mahali pake: ukosi, viwiko, magoti, kingo za mifuko, pindo la nyuma. Lilowanishe koti, tia mawe mifukoni, litundike likauke hivyo siku mbili. Litabaki limelegea kama lililobebeshwa mizigo miaka mingi. Halafu msasa namba 80 kwenye viwiko na kingo za mifuko, brashi ya waya kwenye pindo. Mwisho rangi ya akriliki ya kahawia iliyozimuliwa, kiasi kimoja kwa maji kumi, kwa chupa ya kunyunyizia, kutoka pindoni kwenda juu ikififia kufikia magoti. Usitumie nyeusi, kwa mbali inaonekana kama tundu.

Silaha za kifuani, yaani deraya za kukinga kifua, hukatwa kwenye mikeka ya povu ya mazoezi ya unene wa milimita 8 hadi 10. Gundi ya kugusanisha hupakwa pande zote mbili na kuachwa kama dakika 10 hadi isinate kidoleni. Ukiwahi kuunganisha, haitashika. Fanya kazi hiyo penye hewa. Pitisha matabaka manne ya gundi nyeupe iliyozimuliwa kabla ya rangi, la sivyo povu litainywa yote. Shati la minyororo lifume kwa kamba nene na sindano nene, ulipake fedha kwa brashi karibu kavu. Safu ya tatu tayari wanaliona chuma.

Jasho ndilo linaloua maleba kuliko kuchanika. Kila mwigizaji avae fulana nyembamba ya pamba ndani na hiyo ndiyo ifuliwe kila usiku. Vazi lisilofulika lipuliziwe spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwapani kwa upande wa ndani, mbali na moto, kisha litundikwe penye upepo bila kugusana na jingine. Jaribu kwanza kwenye akiba ya mshono. Ipo rangi inayohama. Kama kuna mshumaa jukwaani, anayeubeba asivae mikono mipana ya nailoni au wavu mwembamba. Sufu ndiyo ngumu kushika moto kuliko vitambaa vingine vya kawaida.

Mchezo ukiisha, ondoa tepe za dhahabu na mapambo kabla ya kufua. Ndiyo maana yalishonwa kwa mkono, kwa hatua ndefu. Fumua marekebisho ya dharura na pini zote. Kisha ndani ya ukosi, kwenye utepe mweupe wa pamba, andika kwa kalamu isiyofutika vipimo vinne: kifua na kiuno vazi lilivyo sasa, na kifua na kiuno likifumuliwa lote. Atakayelitoa kabatini hatahitaji kumwita mtu ajaribu.